Hudaibiya: walikuwa tayari kufa, ila kurudi nyumbani ndiko kuliwashinda

Mleta mada

Assalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wanajamvi wa imani zote, maana najua jukwaa hili linapitiwa na kila mtu.

Kisa cha Hudaibiya, yale mapatano ya Mtume na watu wa Makka, nimekisikia tangu niko chuo cha Kurani, nina umri wa miaka saba hivi, nimekaa juu ya jamvi. Nikakisikia tena kwenye darsa za Ramadhani, kwenye hotuba za Ijumaa, kwenye kanda za masheikh enzi za redio kaseti. Nimewahi hata kuwasimulia watu waliogombana, nikijiona mpatanishi. Sasa nina miaka 52, na ndiyo kwanza kimenikaba koo, kwa sababu ya shamba la minazi la ekari sita na mstari mmoja wa maneno. Mnivumilie niyaeleze yote mawili, kwangu hayatengani.

Mfunguo Pili, mwaka wa 6 Hijria, yaani 628 Miladia. Mtume (s.a.w.) ameota anaingia Msikiti Mtukufu na masahaba zake, vichwa vimenyolewa, hawana hofu. Akatoka Madina na watu wapatao 1,400. Wamevaa ihramu, wanaswaga wanyama wa kuchinja, panga zimo alani. Wanakwenda umra, ile hija ndogo, hawaendi vitani. Na baadhi yao ni wenyeji wa Makka. Wamezaliwa pale, nyumba zao zimebaki pale, na ni miaka sita hawajaiona Kaaba.

Makuraishi, kabila lililoshika Makka, wakaapa kuwa hawaingii. Wakamtoa Khalid bin Walid na wapanda farasi kuziba njia, wakati huo bado hajasilimu. Msafara ukapita njia ya majabali na kutokea Hudaibiya, mahali ambapo leo panaitwa Shumaisi, kwenye njia ya zamani ya Jeddah. Hapo ngamia wa Mtume, Qaswa, akapiga magoti. Watu wakamkemea ainuke, wapi. Wakasema Qaswa kagoma. Mtume akasema hakugoma, wala kugoma si tabia yake. Amezuiliwa na Yule aliyemzuia tembo wa Abraha alipokuja kuibomoa Kaaba. Kisha akaapa kwamba lolote watakalomwomba Makuraishi, maadamu ndani yake wanavitukuza alivyovitukuza Mwenyezi Mungu, atawapa.

Mimi hapa nilikuwa napita mbio siku zote, nawahi kwenye mkataba. Kumbe shauri lote lilikatwa hapa. Mjumbe hajafika, hakuna kilichoandikwa, na yeye ameshajua amesimamishwa na nani. Wenzake wanaona wamezuiwa na Makuraishi. Yeye anaona amezuiwa na Mola wake, na mtu aliyeona hivyo hana tena haja ya kumshinda aliyesimama mbele yake.

Msije mkadhani walikuwa waoga. Uthman bin Affan alitumwa Makka kuzungumza, akakawia, ikavuma kwamba ameuawa. Chini ya mti, mmoja mmoja, wakampa Mtume mkono kwamba hawatakimbia. Mtume akaushika mkono wake kwa mkono wake mwingine, akasema huu ni wa Uthman. Surat al-Fath aya ya 18 inasema Mungu aliwaridhia siku ile. Kufa walikuwa wameshakubali. Habari ikaja kuwa Uthman yu hai, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Akaja Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makuraishi, kuandika mapatano. Ali ndiye mwandishi. Akaanza: "Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema." Suhayl akasema huyo simjui, andika "Kwa jina lako, ewe Mola." Masahaba wakachemka. Mtume akasema andika hivyo. Ikaja: "Haya ndiyo aliyopatana Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu." Suhayl akakataa tena: lau tungejua kuwa wewe ni Mtume wa Mungu tusingekuzuia na Nyumba, yaani Kaaba, wala tusingekupiga vita; andika jina lako na la baba yako. Mtume akasema wallahi mimi ni Mtume wa Mwenyezi Mungu hata mkinikadhibisha. Akamwambia Ali afute. Ali mkono ukamgomea. Basi akaomba aonyeshwe yalipo maneno yenyewe, akayafuta kwa mkono wake.

Masharti mnayajua: miaka kumi bila vita, mwaka huu warudi walikotoka, mwakani waje siku tatu, atakayetoka Makka kwenda kwa Waislamu bila idhini ya wazee wake arudishwe, na atakayetoka kwa Waislamu kwenda Makka asirudishwe.

Sasa shamba.

Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Kaacha watoto watano wa wake wawili, nyumba Tanga mjini na shamba upande wa Pangani. Wiki yake ya mwisho hospitalini nililala naye mimi. Usiku mmoja, yuko macho yeye na mimi tu, alinishika kifundo cha mkono akaniambia niwasimamie ndugu zangu, shamba lisiuzwe, ligawiwe kisharia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na alirudia mara mbili.

Kwenye kikao cha ukoo, wakati muhtasari unaandikwa upelekwe mahakama ya mwanzo, nikataka iandikwe kuwa nimeteuliwa msimamizi wa mirathi "kama alivyousia marehemu." Kaka yangu mkubwa, wa mama mwingine, akasema kwa upole kabisa: "Mimi sikusikia. Ningesikia nisingebisha. Mwandikeni, na mimi mniandike naye." Yaani alikubali tusimamie wawili. Alichokataa ni mstari ule. Mimi nikaona nimeitwa mwongo mbele ya shangazi zangu. Nikakataa kusaini. Miezi kumi na moja.

Nazi hazingoji watu wapatane. Hakuna aliyethubutu kumwita mkwezi, kwa kuwa atakayemwita ataambiwa amejimilikisha. Zikawa zinaanguka zenyewe. Nyingine ziliibwa, nyingine zikaota palepale chini, kijani kimechomoza kwenye kumbi. Mwezi wa Rajabu nilikwenda nikahesabu chini ya minazi mitatu tu: nazi 41 zilizoota. Minazi ile baba aliipanda kwa mkono wake.

Ramadhani, baada ya alasiri, sheikh wa msikiti wetu akafika kwenye darsa pale Mtume anapofuta. Nikahisi joto usoni. Maneno yaliyofutwa yalikuwa ya kweli, tena kweli kuliko zote alizonazo mwanadamu yule, na yalipofutwa hayakupungua kitu. Mimi nilikuwa nimeshikilia mstari wangu kana kwamba ukifutwa, maneno ya baba yanakufa naye. Kumbe pale kitandani hatukuwa wawili. Mungu alikuwapo, alisikia. Nilikuwa namtaka kaka yangu atoe ushahidi ambao Mungu ameshautoa.

Yaliyofuata nitayaandika baadaye, kuna adhana.

Mdau, Morogoro

Mkuu, mimi ni Mlutheri na nimesoma neno kwa neno. Umenikumbusha Daudi anavyomkimbia mwanawe Absalomu. Shimei anamfuata ubavuni mwa mlima anamtupia mawe na kumlaani, Abishai anaomba ruhusa akamkate kichwa, Daudi anasema mwacheni, huenda Bwana ndiye aliyemwambia alaani. Ni ileile ya ngamia wako: anayetukanwa anamtazama Mungu, hamtazami anayemtukana. Sisi huku usharikani tumegawanyika kwa sababu ya ujenzi wa jengo jipya, na nimejiona mimi ni Abishai.

Mleta mada

Ahsante sana ndugu yangu. Ila nikuongezee, maana kisa hicho nimekisoma pia: Daudi huyohuyo, akiwa kitandani karibu ya kufa, kwa maandiko yenu 1 Wafalme sura ya 2, anamtaja Shimei kwa mwanawe Sulemani, na anamwambia azishushe mvi zake kaburini kwa damu. Limekaa moyoni miaka yote ile. Sikusemi wewe, najisema mimi. Unaweza kutii leo asubuhi na jioni ukaidai haki yako upya. Mimi nilisaini, na wiki mbili baadaye nikajikuta namsimulia binamu jinsi nilivyokuwa mkubwa wa moyo. Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Dada, Mombasa

Kakangu, wayasema vizuri lakini nami nina langu. Nimekaa kwa mume miaka tisa nikipigwa, na kila mzee niliyemwendea alinipa Hudaibiya hiihii. Subira, mwanangu, Mtume alifuta jina lake, nawe futa lako. Nilipotoka nikaambiwa si mtiifu. Sasa wewe ulifuta mstari, shamba lipo. Yule kijana aliyerudishwa na minyororo alifuta nini? Mbona umemruka?

Mleta mada

Dada yangu, umesema kweli, nimemruka, na nilimruka kwa sababu hata mimi sijui niseme nini mbele yake. Ngoja nimweleze anavyostahiki.

Mkataba haujakamilika. Anatokea Abu Jandal, mwana wa Suhayl mwenyewe yule anayeandikisha. Amesilimu, baba yake amemfunga, naye ametoroka bondeni akijikokota na pingu mpaka akajitupa katikati ya Waislamu. Suhayl akasema huyu ndiye wa kwanza ninayekudai. Mtume akasema hatujamaliza kuandika. Suhayl akasema basi hakuna mapatano. Mtume akamwomba: niachie huyu kwa ajili yangu. Akakataa. Akamwomba tena. Akakataa. Kijana akawa analia: enyi Waislamu, narudishwa kwa washirikina nami nimekuja Mwislamu, hamwoni niliyopata? Mtume akamwambia asubiri, Mungu atamfanyia faraja yeye na wanyonge walio pamoja naye. Akarudishwa.

Watu 1,400 waliokuwa tayari kufa walisimama wakamtazama anakokotwa. Sitaki kulilainisha hilo. Sahaba mmoja aliyekuwapo, alipoikumbuka miaka mingi baadaye, aliiita siku ya Abu Jandal.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wazee waliokupa Hudaibiya walikunyima. La kwanza, Mtume aliomba. Aliomba na akakataliwa na akaomba tena, mbele za watu, kwa ajili ya mmoja aliyeonewa. Hakumwambia Abu Jandal kwamba kupigwa ndiyo dini yake. La pili ni kubwa zaidi. Baada ya mkataba alitoroka Makka Ummu Kulthum binti Uqba, akafika Madina. Ndugu zake wakamfuata wakidai arudishwe kwa sharti lilelile. Hapo ikashuka aya ya 10 ya Surat al-Mumtahina: wakikujieni wanawake waumini, wahamiaji, mkiwajua kuwa ni waumini, msiwarudishe. Hakurudishwa. Mkataba ulikuwapo, muhuri wa maneno ulikuwapo, na Mungu mwenyewe akasema mwanamke huyu harudi kule.

Kwa hiyo aliyekurudisha kwa anayekupiga akasema ni Hudaibiya, amesoma nusu. Qaswa alipiga magoti kwa amri ya Mungu, hakumpigia magoti Suhayl. Na haki iliyofutwa pale ilikuwa ya aliyeifuta. Hakufuta ya mwenzake. Mstari wa baba ulikuwa wangu niuache. Fungu la dada zangu katika shamba lile nisingekuwa na ruhusa kuliacha hata kwa sentimita, na hilo nililisimamia mpaka mwisho. Kutoka kwako katika nyumba ile, mimi siwezi kuita uasi. Allah akupe faraja, dada yangu, na akupe wazee wanaosoma mpaka mwisho.

Mdau, Unguja

Sheikh, suali langu. Mtu akitii huku moyo unawaka, ana thawabu gani? Mimi na mwenzangu wa biashara tumesuluhishwa, nimekubali, lakini kila nikimuona roho inapanda juu.

Mleta mada

Mimi si sheikh, ni fundi seremala ninayesoma. Lakini suali lako lina mtu wake katika kisa, naye ni Umar bin al-Khattab.

Umar alimwendea Mtume palepale. Si wewe kweli ni Mtume wa Mungu? Ndiyo. Si sisi tuko kwenye haki na adui yetu kwenye batili? Ndiyo. Basi kwa nini tuidhalilishe dini yetu? Mtume akamwambia: mimi ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, simuasi, naye ndiye Mwenye kuninusuru. Umar akasema, si ulituambia tutaizuru Nyumba na kuitufu, kuizunguka? Akamjibu: nilikwambia mwaka huu? Hapana. Basi utaifikia na utaitufu. Umar hakutulia, akamwendea Abu Bakr akamuuliza yaleyale, akapata majibu yaleyale, pamoja na wasia kwamba ashikamane na Mtume asimwachie.

Angalia sasa. Hakuna aliyemtoa Umar katika dini kwa kuuliza. Aliwaka mbele ya Mtume mwenyewe. Lakini hakuchomoa upanga, hakuvunja safu, hakwenda kumkata Suhayl njiani. Aliuliza mpaka akaishiwa maswali, akarudi na wenzake. Na maisha yake yote baadaye alikuwa akisema amefunga, ametoa sadaka na ameacha huru watumwa kwa sababu ya maneno aliyoyasema siku ile. Moto ule ulimgeukia ukawa ibada. Wako, ndugu yangu, ukikupanda unapomwona mwenzako, funga Jumatatu. Sikutanii, mimi nilifunga nyingi.

Mwingine ni Sahl bin Hunayf, sahaba aliyekuwapo Hudaibiya. Miaka thelathini na moja baadaye, kwenye vita vya Siffin, mwaka wa 37 Hijria, Waislamu kwa Waislamu wamepangana kwa panga, watu wa upande wake wanang'ang'ania vita viendelee. Akawaambia wazishuku rai zao wenyewe. Nilijiona siku ya Abu Jandal, akasema, lau ningeweza kuirudisha amri ya Mtume ningeirudisha. Mzee mzima anakiri mbele ya jeshi kwamba siku ile alikuwa na uhakika, na alikosea. Sijui kama kuna maneno yanayonifaa zaidi kuliko hayo ninapoingia kwenye kikao cha ukoo.

Mdau, Morogoro

Mkuu, umetuacha hewani. Ulisaini vipi?

Mleta mada

Haya.

Baada ya mkataba Mtume aliwaambia masahaba wainuke, wachinje, wanyoe, wavue ihramu. Hakuinuka mtu. Akasema mara tatu. Hakuinuka mtu. Hawa ndio wale waliompa mkono chini ya mti! Kunyoa pale kulikuwa na maana kwamba safari imekwisha, Makka haipo. Akaingia hemani kwa mkewe, Ummu Salama, akamweleza. Yeye akamwambia: toka, usiseme na yeyote hata neno moja, mchinje ngamia wako, mwite kinyozi wako akunyoe. Akafanya hivyo. Walipomwona wakainuka, wakachinja, wakaanza kunyoana wao kwa wao, na kwa majonzi walikaribia kuumizana.

Mimi baada ya darsa ile nilikaa siku nane nikitunga maneno ya kwenda kumweleza kaka. Nianzie wapi, nimkumbushe nini, nimweleze kwamba ninaacha si kwa sababu nimeshindwa. Mke wangu alinisikiliza siku zote nane. Siku ya tisa, tukifuturu, akaniwekea uji akasema, "Si wewe ndiye uliyenisimulia Ummu Salama? Usimwambie kitu. Nenda na daftari."

Nikachukua kaunta buku la kikao. Baada ya tarawehe nikamkuta barazani kwake, peke yake, anakunywa kahawa. Nikakaa. Nikafungua ukurasa, nikaweka rula chini ya "kama alivyousia marehemu," nikakata kwa kalamu ya bluu, nikasaini pembeni ya mkato, nikasaini chini. Nikampa kalamu.

Akautazama mstari ule muda mrefu. Taa ya barazani kwake ni hafifu, akasogeza daftari karibu na macho. Akaniuliza, "Baba alikwambia kweli?" Nikasema, "Ndiyo." Nikataka kuendelea, nikakumbuka daftari, nikanyamaza. Akasaini. Akanimiminia kahawa.

Hakusema ananiamini, na mpaka leo hajasema. Mnaojua mwisho wa Hudaibiya mnajua kwamba mwakani waliingia wakatufu siku zao tatu, na kwamba mwaka wa 8 Hijria Mtume aliingia Makka na watu 10,000, na Suhayl bin Amr yuleyule akasilimu. Mimi sikupata Makka yangu. Idi tulisalimiana, akakaa na watu wake, nikakaa na wangu. Shangazi mmoja bado anasema nilikuwa namsingizia marehemu. Linaniuma, na nimemwachia Mungu, na likirudi namwachia tena.

Mahakama ilituteua wote wawili mwezi uliopita. Dada zetu wamepewa mafungu yao, yamepimwa kwa kamba na kuwekewa minyaa mipakani. Zile nazi zilizoota hatukuzitupa; tumechagua miche 30 iliyonyooka, tutaipanda mvua zikianza pale penye pengo la minazi iliyokufa.

Kesho alfajiri nakwenda Pangani, mkwezi anakuja saa moja. Kaka amenipigia sasa hivi kuniambia nipitie kwake, na nisisahau magunia.